"Athari za uuguzi": kwani tumewadhuru?

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume katika hospitali ya wilaya. Kwa miezi mitatu tumehesabu wagonjwa waliopata vidonda kwa kulala muda mrefu, walioanguka kitandani, na waliolazwa tena muda mfupi baada ya kuruhusiwa. Ripoti inakwenda halmashauri. Nimeipa kichwa "Kupima Athari za Uuguzi kwenye Matokeo ya Wagonjwa". Matroni alipokisoma akaniuliza, "Kwani tumewadhuru?" Nimekosea wapi?

JIBU: Matroni wako ana sikio zuri. Ukifungua kamusi utajitetea: athari ni alama inayobaki jambo likishapita, na Kiarabu kilikotoka neno hili hakikulifunga kwenye ubaya. Lakini sikiliza taarifa ya habari: athari za mafuriko, athari za pombe, athari za ukame. Mkulima ambaye mahindi yake yamestawi hasemi mvua imemwathiri. Hospitalini ndiyo kabisa, maana kwa miaka mingi "ameathirika" imekuwa njia ya kusema mtu ana virusi vya UKIMWI bila kuvitaja. Ofisa wa halmashauri akisoma "athari za uuguzi kwa wagonjwa" atatafuta kwanza nani alichomwa sindano vibaya.

Wapo watakaokushauri uandike "mchango wa uuguzi". Mimi sishauri. Mchango ni kitu cha kushukuriwa, kwa hiyo kichwa kitakuwa kimeshawasifu wauguzi kabla hesabu haijafanyika. "Taathira" haielemei upande wowote, ila ni wachache wanaoijua. Tumia kitenzi tu: "jinsi uuguzi unavyohusiana na". Kitenzi kinabeba mema na mabaya bila kulalamika.

Tuje kwenye "matokeo ya wagonjwa", ambayo naona ndiyo kosa kubwa zaidi ingawa matroni hakuligusa. Tunasema matokeo ya uchaguzi, matokeo ya uzembe, matokeo ya kikao. Kinachofuata "ya" hapo ni tendo, na matokeo ni kilichozaliwa na tendo hilo. Ukiweka mtu baada ya "ya", maana inageuka: matokeo ya Juma ni alama alizopata Juma. Basi matokeo ya mgonjwa ni nini? Msomaji atadhani ni majibu ya maabara, au kwamba mgonjwa alifanya mtihani akafeli. Na hapa aliyekuwa kwenye mtihani si mgonjwa, ni huduma. Andika "matokeo ya huduma kwa mgonjwa", nawe utakuwa umerudisha mzigo kwa mwenyewe.

Wenye fani ya kupima ubora wa huduma wameliona hivyo muda mrefu. Mwaka 1966 daktari Avedis Donabedian, mzaliwa wa Beirut aliyefanya kazi Marekani, aligawa ubora wa huduma katika mambo matatu ambayo kwa Kiswahili twaweza kuyaita muundo, mchakato na matokeo. Chukua vile vidonda unavyohesabu. Idadi ya manesi wa zamu ya usiku ni muundo. Kumgeuza mgonjwa ubavu huu na huu ni mchakato. Ngozi ya kiuno iliyobaki nzima, au iliyochubuka, ndiyo matokeo. Ni ngozi ya mgonjwa, lakini ni matokeo ya kugeuzwa au kutogeuzwa.

Ukifika kwenye takwimu, chunga "kwa" na "hadi". Mwaka 2002 mtafiti wa uuguzi Linda Aiken na wenzake walichapisha utafiti wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 230,000. Kila mgonjwa mmoja alipoongezwa kwenye mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe uliongezeka KWA asilimia 7. Ukiandika "uliongezeka HADI asilimia 7" umesema jambo jingine kabisa, na ukiandika "asilimia 7 zaidi ya wagonjwa walikufa" utatisha watu bure. Tena usikimbilie kusema mzigo huo "ulisababisha" vifo. Utafiti wa namna ile unaonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, na Kiswahili kina "kuhusiana" kwa kazi hiyo.

Limebaki neno ambalo hukuliuliza: uuguzi. Kuugua ni kuumwa, na kuuguza, licha ya umbo lake la kusababisha, si kumtia mtu ugonjwa bali ni kumhudumia anayeumwa. Mama aliyelala chini ya kitanda cha mwanawe wiki mbili, akimlisha uji na kumfuta jasho, akirudi kwao atasema "nilikuwa nauguza". Hana cheti wala sare, na kwa lugha yetu hajasema uongo. Sasa katika wodi yako, mgonjwa aligeuzwa na nani saa nane usiku, nesi au shemeji yake? Ikiwa ndugu walikuwa wakigeuza, hesabu yako imepima uuguzi wa watu wawili kwa jina moja. Bainisha mapema katika aya ya kwanza: "uuguzi katika ripoti hii ni kazi ya wauguzi waliosajiliwa". Na kazi ya ndugu ipe jina lake, hata kama ni "msaada wa ndugu" tu.

Kichwa ningekiandika hivi: "Jinsi Kazi ya Wauguzi Inavyohusiana na Matokeo ya Huduma kwa Wagonjwa Waliolazwa". Ni kirefu, najua. Kama halmashauri inataka kifupi, andika "Uuguzi na Hali za Wagonjwa Wodini", na maelezo mengine yaanzie ukurasa wa pili. Kabla ya kukichapa, mpelekee tena matroni akisome kwa sauti.