Nanga ni Nzima, Kamba Ndiyo Fupi

Ukitia nanga kwenye maji ya pima 4 na kamba yako ina pima 5, siku ya shwari mtumbwi utatulia. Upepo ukianza kuvuma, kila wimbi linaponyanyua mtumbwi linanyanyua na nanga, na muda si mrefu unajikuta unaelekea kwenye mawe. Wavuvi wa Igombe na Kayenze hawalaumu jiwe la nanga hapo. Wanajua kamba ndiyo iliyopungua. Kwa maji hayo inatakiwa ifike pima 12 au zaidi, ili ilale na kuivuta nanga kwa ubavu badala ya kuing'oa kwa juu.

Waraka kwa Waebrania, sura ya 6, unaliita tumaini nanga ya roho. Mstari huo unapendwa sana huku Kanda ya Ziwa, na nanga inasifiwa ipasavyo. Kamba haitajwi sana. Kamba ni yale mambo madogo yanayomfunga mtu kwa Mungu kila siku: maneno anayoomba, saa anayoomba, watu wanaoijua hali yake, chakula anachokula, deni analolikataa. Anayeacha imani wakati wa majaribu mara nyingi hakukaa chini akaamua kumkana Mungu. Kamba yake ilitosha siku za shwari tu.

Kula, ulale, halafu tuongee

Fungua 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia, ameketi chini ya mretemu, anaomba afe. Malaika anapofika hamkemei kwa upungufu wa imani. Anamgusa, anamwambia ainuke ale. Pana mkate na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaguswa mara ya pili, anakula tena. Mazungumzo yenyewe na Mungu yanakuja baadaye kabisa, kule Horebu, baada ya mwendo wa siku 40.

Kwa hiyo mtu aliyezika jana, au anayemuuguza ndugu yake hospitali ya Bugando kwa wiki ya pili sasa, asianze na mfungo mkavu wa siku tatu, hata kama umetangazwa kanisani. Aanze na uji asubuhi, mlo mmoja wa maana, maji ya kutosha, na saa sita za usingizi hata zikija kwa vipande viwili. Anayemeza dawa za kisukari, kifua kikuu au ARV asifunge kabla hajamwuliza aliyemwandikia dawa. Mjamzito na anayenyonyesha vivyo hivyo. Mtu anasema "Mungu ameniacha", kumbe hajafumba macho tangu Jumanne. Si mara zote, lakini lala kwanza ndipo ujue.

Kuomba bila kupamba

Kosa linalokata kamba haraka kuliko yote ni kudhani kwamba Mkristo aliye kwenye shida anaruhusiwa kusema maneno mazuri tu. Akiulizwa hali anajibu "nimebarikiwa". Akipiga magoti anashukuru kwa kila kitu, huku moyoni hasira inavunda kama dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka. Baada ya miezi miwili anaacha kuomba kabisa, kwa sababu sala imekuwa mahali pa kusema uongo.

Biblia ina njia nyingine. Zaburi 13 ina mistari 6. Miwili ya kwanza ni malalamiko, na ndani yake "hata lini" imo mara 4. Miwili inayofuata ni ombi, miwili ya mwisho ni tumaini. Isome kwa sauti, hata ya kunong'ona. Ukimaliza mstari wa 2 simama, uliseme jambo lako kwa jina lake na kiasi chake. "Bwana, wewe unajua shida zangu" haitoshi. Sema: nadaiwa 640,000, mashine ya mtumbwi imeibwa, ada ya Januari haipo, na nina hasira na wewe kwa sababu nilikuomba na hukujibu. Kisha soma mstari wa 3 na wa 4, uombe jambo moja tu, la leo. Mistari miwili ya mwisho isome hata kama moyo haukubali. Usijilazimishe kuihisi, isome tu, kama mtu anayeweka akiba asiyojua ataitumia lini.

Zaburi 88 ni ngumu zaidi. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina shukrani mwishoni, na waliokusanya Zaburi hawakuibandikia. Siku ambayo huna tumaini la kusema, soma hiyo, uishie pale inapoishia. Umeomba.

Zipange hivi: Jumatatu 13, Jumanne 42, Jumatano 77, Alhamisi 88, Ijumaa 130. Jumamosi pumzika, Jumapili uko ibadani. Msabato aanzie Jumapili, amalize Alhamisi. Wiki ijayo rudia zilezile. Usitafute mpya, maana mtu aliye kwenye dhiki hana nguvu za kutafuta, na maneno yaliyozoeleka ndiyo yanayomjia saa nane usiku taa ikiwa imezimwa.

Dakika 10 zinatosha. Zifunge kwenye kazi ambayo tayari unaifanya kila siku, kwa kuwa saa ya kwenye simu inazimwa lakini maji ya chai lazima yachemke. Mama ntilie wa Kirumba anazo dakika hizo wakati sufuria ya kwanza iko jikoni. Anayeanika dagaa anazo akishamaliza kuwatandaza, kabla ya kuwageuza. Bodaboda wa Igoma anazo kijiweni kabla ya abiria wa kwanza. Mvuvi wa dagaa ndiye anayekosea zaidi: anajiwekea sala ya alfajiri kama watu wa mjini, na wiki zote za giza, mwezi usipoonekana, anashindwa, kwa sababu saa hiyo yuko majini na taa zake. Sala yake iwe mtumbwi ukishafika mwaloni na mzigo ukishakabidhiwa, kabla hajalala. Mbalamwezi ikirudi na kambi ikatulia, asome zaidi. Siku hizo za kukaa bure ndizo zinazomaliza pesa, na roho inazama hapo kuliko kwenye mawimbi.

Watu wawili wanaojua

Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, walioitwa Mapadri Weupe, waliondoka Buganda wakavuka ziwa kuja kusini; kituo chao kikawa Bukumbi, si mbali na Mwanza. Waamini wapya walibaki kule bila padri kwa karibu miaka mitatu. Mapadri waliporudi mwaka 1885 walikuta watu wameongezeka, maana walikuwa wakifundishana wenyewe. Kutoka katika jamii hiyo wakatoka mashahidi wa Uganda akina Karoli Lwanga, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na wenzao Waanglikana. Watu hao hawakutegemea mkutano mkubwa wala spika. Walikuwa na wenzao wachache waliojua nani yuko hatarini.

Nawe chagua wawili: mmoja wa jumuiya au kikundi chako cha nyumbani, mwingine mwenye umri kukuzidi ambaye ameshapita kwenye shida. Waambie ukweli wote, pamoja na kiasi cha deni na jina la ugonjwa. Kanisa zima halihitaji kujua. Kisha omba vitu vinavyobebeka. "Mniombee" ni vizuri, lakini haimwambii mtu afanye nini kesho. Sema: naomba mtu wa kunipokea zamu kwa mgonjwa Jumamosi usiku; naomba watoto wale kwenu mchana hadi Ijumaa; natoka Ukerewe, naomba mwenyeji aliye karibu na hospitali kwa siku nne. Wakatoliki wana Caritas, Walutheri wana udiakonia, Waadventista wana Dorkasi. Vipo kwa ajili ya siku kama hii, na kuvitumia si aibu.

Wewe unayekwenda kufariji, kaa. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya jambo jema kuliko yote siku saba za mwanzo walipoketi chini naye bila kusema neno. Walipofungua midomo kuanza kumtafutia dhambi, ndipo walipoharibu, na katika sura ya 42 Mungu anamwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yao. "Mungu amempenda zaidi" na "usilie, jikaze" yaache nyumbani. Peleka unga, mkaa na maji.

Ziangalie na tarehe. Siku za msiba nyumba inajaa, turubai liko juu, sufuria zinapikwa. Siku ya nne viti vinarudishwa, na mjane anabaki na rambirambi kwenye daftari. Wiki ya tatu simu zinaacha kuita. Mwezi wa tatu watu wanashangaa kwa nini hajarudi kwaya. Weka alama kwenye kalenda siku hizo tatu na siku ya mwaka, uende bila kuitwa. Huku kwetu zipo tarehe ambazo nyumba nyingi zinanyamaza pamoja: 21 Mei, siku meli ya MV Bukoba ilipozama mwaka 1996, ambayo makaburi yake yako Igoma, na 20 Septemba, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Bwisya, Ukara, mwaka 2018. Aliyepotelewa na mtu ziwani bila kupata mwili hana hata kaburi la kutembelea. Mwambie mchungaji au padri wake afanye ibada yenye jina la marehemu na tarehe yake. Familia zinahitaji jambo hilo kuliko zinavyosema.

Pesa, manabii, na "twende tukaangalie"

Shida ikikaa, wanakuja watu na dawa. Wapo wa mafuta ya upako na "panda mbegu". Kuna vipimo vitatu, na kimoja kikishindwa inuka uondoke: je, anataka pesa kabla ya kuomba? Je, anakuambia uache dawa za hospitali? Je, anataja jina la ndugu au jirani kuwa ndiye mchawi wako? Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Hakuna bei hapo.

Usikope ili utoe sadaka. Chukua hesabu hii ya kausha damu, ile mikopo ya mitaani yenye riba kali: umepewa 100,000, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 130,000 kabla mwezi haujaisha, na siku mvua ikilowesha dagaa bado 5,000 inadaiwa. Wiki ya tatu unakopa kwingine kulipa ya kwanza. Mtu wa namna hiyo haachi kanisa kwa kukosa imani. Anaacha kwa sababu mdai anamsubiri mlangoni siku ya ibada. Kama tayari umo, andika madeni yote kwenye karatasi moja, mwonyeshe mmoja wa wale wawili, nendeni pamoja kwa mdai kuomba kiwango kidogo cha siku. Mdai humwangalia tofauti mtu aliyekuja na shahidi.

Kwa siku 90 tangu pigo lilipoingia, usihame kanisa, usiuze kiwanja, usiweke nadhiri ya pesa.

Halafu kuna kikao cha ukoo. Mtoto amekufa, nyavu hazipati, na baba mdogo anasema twende tukaangalie, yaani kwa mganga apige ramli. Ukinyamaza umekubali. Ukifoka umetengwa. Jibu kwa upole na uwe na kitu mkononi: "Baba mdogo, nimekusikia, na uchungu wako ni wangu. Mimi kuangalia siendi wala sichangii. Daktari ameandika kilichomuua mtoto, karatasi hii hapa. Jumamosi wazee wa kanisa wanakuja kuomba na ukoo mzima, nami nitapika." Hivyo unakataa ramli bila kuukataa ukoo. Ni jambo la kufa na kupona pia, maana ramli chonganishi huishia kwa kuuawa bibi fulani anayeitwa mchawi kwa kuwa ana macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50.

Mawazo ya kujiua yakija, usiyafiche kwa kuogopa kuambiwa huna imani. Eliya aliomba afe. Paulo, katika 2 Wakorintho 1:8, anakiri kwamba alikata tamaa ya kuishi. Mwambie mtu usiku huohuo, usilale peke yako, kamba na sumu ya panya vitoke nyumbani, na asubuhi mfuatane Sekou Toure, Bugando au hospitali yoyote iliyo karibu. Mchungaji aje pia, lakini asichukue nafasi ya daktari.

Zipo siku utakazoruka. Ukiruka nne, usizilipe kwa kusoma Zaburi tano kwa mkupuo. Viporo hivyo huchosha, na mtu hukata tamaa akiona bado anadaiwa na sala pia. Kama leo ni Jumatano, fungua 77 wakati maji yanachemka. Yakichemka, funga kitabu, tia majani.