Mzee anakata pumzi usingizini

Dada wa Temeke, pole kwa mikesha. Umeuliza kama kusahau kwa baba kunahusiana na kukata pumzi usiku. Huenda. Kwenye shina la ubongo, sehemu ya chini inayoungana na uti wa mgongo, kuna kikundi kidogo cha seli kinachoendesha mdundo wa pumzi. Kilitambuliwa mwaka 1991. Watafiti walipoziua seli hizo kwa panya, pumzi zilianza kukatika usingizini kwanza. Dimensia ya miili ya Lewy, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, huweza kuziharibu seli hizo. Ila mara nyingi ni koo tu linaloziba, na hilo lina tiba. Mrekodi kwa simu, dakika 10 zatosha, umpeleke Muhimbili na video hiyo. Alale ubavu. Vidonge vya usingizi vya kujinunulia, usimpe hata kimoja! Midomo ikibadilika rangi, usisubiri kukuche.