Macho yanayotembea kwenye prompta

Swali: Shikamoo dada. Nina miezi minane tangu nianze kusoma taarifa ya habari kwa prompta, ile skrini ya maandishi mbele ya kamera, kwenye kituo kidogo cha televisheni. Nikitazama rekodi naona macho yangu yanakwenda kushoto na kulia kama ya mtu anayesoma gazeti. Mwongozaji ananiambia nitulie, lakini nikijitahidi kuyatuliza ndipo ninapokosea maneno. Na sauti ya kifaa cha sikioni, ninachosikilizia maelekezo yake, inanivuruga. Je, kazi hii si yangu?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Usijihukumu mapema. Kwa sehemu kubwa hapo shida ni umbali. Jicho la kila mtu hutembea linaposoma, na ukilizuia kwa nguvu akili inaacha habari inabaki kulilinda jicho. Tunachoweza ni kuifupisha safari yake mpaka mtazamaji asiione.

Kwanza ukijue chombo chenyewe. Mbele ya lenzi kuna kioo kilichoinamishwa nyuzi 45. Skrini iliyo chini yake huonyesha maandishi yaliyogeuzwa, kioo kinayaakisi kwako yakiwa yamenyooka, na kamera iliyojificha nyuma ya kitambaa cheusi inakuona wewe tu kupitia kioo hichohicho. Prompta za mwanzo, zilizotengenezwa Marekani mwaka 1950 na Hubert Schlafly na wenzake, zilikuwa karatasi ndefu inayozungushwa na mota kando ya kamera. Msomaji alilazimika kuchepusha macho, na kioo kililetwa kutibu hilo. Kimetibu nusu. Nusu nyingine iko mikononi mwenu studioni.

Chukua futi kamba. Mstari wenye upana wa sentimita 30 ukiwa mita 2 kutoka usoni pako, macho yanazunguka karibu nyuzi 9, na hizo mtu yeyote nyumbani anaziona. Rudisha kamera hadi mita 3, bana mstari uwe sentimita 15, zinabaki chini ya nyuzi 3. Mpiga picha atavuta sura yako kwa lenzi na picha itabaki ileile. Studio ndogo huwa na tabia ya kusogeza kamera karibu na kujaza skrini maandishi kutoka ukingo hadi ukingo, ili msomaji aone mengi kwa mara moja. Huhitaji mengi. Maneno matatu kwa mstari yanatosha, na neno kama "hawajakamilisha" likikaa peke yake si kosa.

Ila neno lisikatwe kamwe mwishoni mwa mstari. Lugha yetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mdomo hauwezi kuanza neno vizuri kabla jicho halijaona mwisho wake. Tamka polepole: wamelipa, wamelipia, wamelipiana. Mkazo unahama kila mara. Ukikuta "wameli-" halafu lililobaki liko chini, lazima utabahatisha, na kubahatisha huko ndiko unakokuita kukosea maneno.

Mstari unaousoma pia uwe usawa wa katikati ya lenzi. Kuna mshale mdogo pembeni mwa skrini. Ushusheni au upandisheni mpaka ukae hapo. Ukisoma mistari ya juu, unaonekana unaongea na dari.

Kuhusu kasi, nasema kwa mkazo: mwendesha prompta anakufuata wewe. Wasomaji wapya hukimbiza maandishi, naye akiona wanaharakisha anaongeza mwendo, mpaka wote wawili wanahema. Kabla ya kipindi kubalianeni kwamba ukinyamaza, maandishi yanasimama. Nyamaza makusudi kwenye mazoezi uone kama anasimama kweli. Na programu inayokadiria muda wa habari kwa idadi ya maneno, mara nyingi kipimo chake ni cha Kiingereza, chenye maneno mafupi. Soma kwa sauti dakika moja, hesabu maneno yako, kisha waombe waingize hiyo namba. Utakuta ni pungufu sana, na ule msukumo wa kukimbia utapungua wenyewe.

Sauti ya sikioni punguza hadi uisikie kwa shida kidogo. Maelekezo ya mwongozaji yatapenya tu. Lakini kama unasikia sauti yako mwenyewe ikichelewa, hata sehemu ndogo ya sekunde, hilo halizoeleki. Ulimi wa mtu yeyote hukwama. Mwambie fundi sauti aiondoe sauti yako kwenye mchanganyiko wa sauti unaoletwa sikioni mwako. Nyumbani, weka redio kwenye sikio moja na usome kwa sauti robo saa kila siku. Wiki ya kwanza inachosha sana, ya pili utaanza kuona nafuu.

Sasa skripti. Fika mapema, uandike upya habari zako mwenyewe kwa jinsi unavyosema. Tarakimu ziandikwe kwa maneno: "zaidi ya milioni mbili na laki tatu", si 2,347,000. Saa za mashirika ya habari zigeuze ukiwa mezani, 19:00 iwe saa moja usiku, kwa sababu hewani hakuna nafasi ya kutoa sita. Jicho linalojua kinachofuata hurukia kikundi cha maneno, halitambai neno kwa neno. Hapo ndipo utulivu anaoutaka mwongozaji unapotoka.

Na karatasi zako za skripti, zilizo mezani, zigeuze kila habari inapoisha, hata prompta ikiwa nzima. Mwaka wangu wa pili ilizimika katikati ya habari ya ajali. Karatasi yangu ilikuwa nyuma habari tatu. Nilipekua kimya huku watu wakisubiri kusikia majeruhi wamepelekwa wapi, na mpaka leo sijawahi kuketi kwenye ile meza bila kugeuza.

Ukishafanya marekebisho, jirekodi dakika tano uitazame bila sauti, macho tu. Kama bado yanatembea, niandikie tena: umbali wa kamera kwa mita, upana wa maandishi, na maneno mangapi yako kwenye mstari mmoja.