Bia ya chupa haina gesi: usiifungue, usiiongeze sukari

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi niko Arusha. Nilipika bia ya kimea lita 20, nikatia kijiko cha chai cha sukari, kilichosawazishwa, katika kila chupa ya nusu lita na kuziba kwa vizibo vipya. Ni Julai, zina wiki ya tatu stoo. Nimefungua mbili, hakuna hata povu. Jamaa yangu anasema nizifungue zote, niongeze kijiko kingine na chembe ya magadi. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba. Usifungue hata moja zaidi, na huyo jamaa asiguse kreti lako.

Sukari uliyotia inatosha, tena imezidi kidogo. Bia ya kawaida hutaka gramu 6 hivi kwa lita, yaani gramu 3 kwa chupa yako. Kijiko kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi. Kilichokosekana ni joto. Pima stoo yako alfajiri. Hamira nyingi za bia huzubaa joto likishuka chini ya nyuzi 15, na hamira iliyozubaa haili. Hamishia chupa kwenye chumba cha nyuzi 20 hadi 24, mbali na jua na jiko. Zipindue taratibu mara moja ili hamira iliyotuama chini itawanyike, kisha ziache wiki mbili. Baada ya hapo weka moja kwenye friji siku nzima ndipo uionje.

Sasa niseme linaloniudhi. Kila msimu wa baridi swali hili hunifikia, na kila mara yupo mtu aliyekwisha kushauri sukari, kana kwamba anakoleza chai. Sukari si gesi. Ni chakula cha hamira, na hamira ndiyo inayotoa gesi. Ukiongeza sukari wakati hamira imelala, umeweka akiba tu. Siku joto likirudi, yote italiwa kwa mpigo, ndani ya chupa iliyozibwa.

Gramu 3 kwa nusu lita, katika nyuzi 20, hujenga msukumo unaokaribia upepo wa tairi la gari dogo. Gramu 8, yaani vijiko viwili, huufikisha zaidi ya mara mbili na nusu. Chupa haitoi onyo. Inapasuka, na vigae vinaruka kwa nguvu ya kumtoa mtu jicho. Magadi nayo hayasaidii chochote: yanatoa povu papo hapo, gesi inakwisha kabla hujaziba, na yanaua uchachu unaosaidia kuilinda bia na wadudu. Mdomoni hubaki ladha ya sabuni.

Hao hao wanaouza njia za mkato wana nyingine, ya kujaza chupa bia ikiwa bado inachacha "ili gesi isipotee". Hii ni mbaya kuliko ya sukari. Haidromita ni kipimo kinachoelea kwenye bia kuonyesha sukari iliyobaki; kushuka kutoka 1.012 hadi 1.010 ni pointi mbili. Kila pointi mbili zinazoshuka ndani ya chupa huongeza takriban lita moja ya gesi kwa lita ya bia, na bia ya kawaida ina lita 2.4 hivi tu. Ukiziba ikiwa 1.014 na ilipaswa kuishia 1.010, umeongeza lita mbili hata kabla ya sukari. Mapovu kukoma kwenye ndoo si ushahidi kwamba imekwisha. Ushahidi ni haidromita kusoma vilevile siku tatu mfululizo. Asiye na haidromita asizibe chupa za kioo.

Na mkipika tena, vijiko viacheni. Pima gramu 120 za sukari kwa mzani kwa lita 20, chemsha na kikombe cha maji, acha ipoe, mimina kwenye ndoo safi, kisha hamishia bia juu yake kwa mpira, bila kurusha. Chupa zote zitalingana. Chagua zile nzito za bia zinazorudishwa kiwandani, zisizo na ufa wala mdomo uliomeguka. Za juisi na za mvinyo wa kawaida ni nyembamba mno. Moja ijaze ya plastiki ya soda: ikiwa ngumu kuibonyeza, gesi imeingia.

Kama umeshaongeza sukari kabla ya kusoma haya, funika kreti kwa blanketi zito, ondoa watoto, na usizitikise. Vaa miwani na glavu nene, ziingize kwenye friji, na zikishapoa kabisa zifungue moja moja juu ya sinki, ukiwa umezifunika kwa taulo.