Kabla hujabadilishiwa kiwiko, piga hesabu ya jerikeni

Wengi mnaniuliza kama ile oparesheni ya kubadilishiwa kiwiko inasaidia, hasa nyie wenye baridi yabisi kama yangu, ile inayokula viungo pande zote mbili mpaka asubuhi unaamka vidole vimekaza. Kwa maumivu inasaidia, tena sana. Eksirei yangu ilionyesha mfupa unasaga mfupa, usiku silalii mkono wa kulia, basi familia ikachanga nikaenda India wakaniwekea kiwiko cha chuma na plastiki. Siku nilipochana nywele mwenyewe nililia.

Ila mkono wa kazi haurudi, hapo ndo watu wanajidanganya. Niliambiwa kitu cha kuinua mara moja kisizidi kilo 5, cha kuinuainua kisizidi kilo 1, na hiyo ni mpaka kufa. Sasa wewe unakaa Uganda hii, jerikeni ya lita 20 ni kilo 20, mkungu wa matoke usiseme, hata kusonga posho (ugali) ya watu sita ni vita. Ukilazimisha, chuma kinalegea ndani ya mfupa na kukirudia ni kazi ngumu kuliko mara ya kwanza. Ukikitunza kinakaa, wengi wetu wa baridi yabisi wanavuka miaka 10 nacho, kwetu kinadumu zaidi kwa sababu mikono yetu haina fujo kama ya kijana aliyevunjika kwenye boda hehe.

Kingine ni ganzi. Ule mshipa wa fahamu unaokupiga shoti ukigonga kiwiko unapita palepale wanapokata, kwa hiyo kidole cha mwisho na jirani yake vilikufa ganzi miezi kadhaa, mimi vikarudi, kuna ambao havirudi. Na usaha, jamani! Ngozi ya kiwiko nyembamba na dawa zetu zinashusha kinga, kidonda kikivuja hata kidogo rudi hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya oparesheni, dawa zote za baridi yabisi unazotumia zitaje, methotreksati, prednisoloni, sindano, daktari ndo aseme ipi isimame. Mimi kwa uoga niliacha prednisoloni ghafla nikaishiwa nguvu mpaka nikaanguka bafuni.

Kiwiko cha kushoto nacho kimeanza. Daktari anauliza lini, nimemwambia asubiri binti yangu afunge shule, maana nani atachota maji?