Jibu: Utajuaje mhusika ana nafasi ya kweli au amewekwa kujaza picha?

Habari ndugu. Naona umekwama kwenye insha: mhusika mweusi katika filamu ya sayansi ya kubuni yenye mapigano, utampimaje? Usianzie kuhesabu sura kwenye bango. Mimi huangalia kwanza nani anaamua mambo hali ikichafuka. Chukua filamu ya Black Panther (2018): Shuri, mdogo wake mfalme, anabuni vifaa, naye mpiganaji Okoye anaongoza kikosi cha kumlinda mfalme. Rudia lile tukio la kwenye kasino, nyumba ya kamari, mjini Busan, Korea Kusini. Okoye, aliyekuwa akilalamikia wigi tangu mwanzo, analivua na kumrushia adui usoni, kisha anapigana na kichwa chake kilichonyolewa. Hapo haombi ruhusa kwa mtu! Halafu tazama nyuma ya kamera: mwongozaji ni Ryan Coogler, mavazi ni ya Ruth E. Carter, aliyeshinda tuzo ya filamu ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019.