Kiwanja Changu Kiko Mbali na Mto, Kwa Nini Nipunguziwe Ujenzi?

SWALI: Ndugu Mhariri, baraza la jiji letu limepitisha sheria ndogo inayopunguza ujenzi katika bonde lote la mto unaopita mjini, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huishia mtoni. Kiwanja changu kiko karibu kilomita mbili kutoka ukingoni na hakijawahi kufikiwa na mafuriko, lakini nimeambiwa kwamba paa, sakafu za nje na njia ya gari kwa jumla visizidi robo ya eneo lake. Wanaojenga kandokando ya maji wazuiwe, sina ubishi; mimi nimekosa nini? Na je, huku si kuninyang'anya mali yangu bila fidia?

JIBU: Ndugu msomaji, hujakosa lolote, lakini paa lako linauhusu mto kuliko unavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, kwa hiyo mvua ya milimita 30 juu ya paa la mita za mraba 200 huteremsha lita 6,000. Ardhi yenye nyasi na miti hunywa sehemu kubwa ya maji hayo, huyaweka chini na kuyaachia mtoni polepole hadi wakati wa kiangazi, ilhali bati, saruji na lami huyamwaga yote kwa mkupuo mmoja mtaroni, na mtaro hauoni tofauti kati ya mita 50 na kilomita mbili. Ndiyo maana mto wa mjini hufurika upesi mvua ikinyesha na kula kingo zake, kisha hubaki kijito miezi ya ukavu. Tena maji hayo hayasafiri mikono mitupu: yakipita kwenye maegesho ya magari hubeba matone ya oili, vumbi la breki na chembe za matairi, na yakitoka kwenye lami iliyoshinda juani huingia mtoni yakiwa na joto lisilovumiliwa na viumbe waliozoea maji ya baridi.

Watafiti wa mito ya mijini wameona mara nyingi kwamba dalili za kudhoofika huanza kujitokeza pale sehemu iliyofunikwa kwa paa, saruji na lami inapokaribia asilimia 10 ya bonde zima, na ikipita asilimia 25 mto huwa umeharibika kiasi kwamba kuurejesha ni kazi nzito. Viwango hivi havifanani kila mahali, kwa kuwa udongo na mteremko hutofautiana, lakini vinaeleza kwa nini baraza linalodhibiti ukingo peke yake na kuacha bonde lifunikwe linafanya nusu ya kazi. Kwa maoni yetu, baraza lenu limeshika mahali penyewe.

Mfano unaostahili kusomwa na kila diwani ni wa Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako chemchemi za Barton Springs hulishwa na maji yanayozama katika nyufa za miamba ya chokaa maili nyingi kutoka zinapobubujikia, tena bila kuchujwa vya kutosha njiani. Mwaka 1990 lilipoletwa pendekezo la kujenga kwenye ekari zipatazo 4,000 kando ya kijito cha Barton, mamia ya wakazi walijiandikisha kuzungumza, kikao kikakesha hadi alfajiri, na baraza likalikataa pendekezo hilo. Miaka miwili baadaye wapiga kura wenyewe walipitisha sheria iliyoweka kikomo cha eneo la kufunikwa kati ya asilimia 15 na 25, kutegemea mahali kiwanja kilipo. Sheria hiyo ilipingwa mahakamani, na mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya Texas ikaithibitisha.

Kuhusu fidia, jibu hutegemea sheria za nchi, ingawa mstari wa jumla unafahamika: kupunguziwa matumizi si sawa na kunyang'anywa. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1992, katika shauri la mwenye ardhi aitwaye Lucas, kwamba kanuni inayoiondolea ardhi thamani yote ya kiuchumi kwa kawaida inadai fidia. Wewe bado unaweza kujenga robo, na ukienda juu ghorofa moja hupotezi hata chumba. Palipo na haja ya ardhi kubaki tupu kabisa, njia ya haki ni baraza kuinunua, kama wakazi wa Austin walivyofanya mwaka 1998 walipoidhinisha mkopo wa dola milioni 65 kwa ajili ya kununua maelfu ya ekari katika bonde hilo.

SWALI: Sisi wadogo tunapimiwa kwa asilimia, lakini mwendelezaji mkubwa jirani yetu anaendelea kumwaga zege akidai kibali chake ni cha kabla ya sheria. Je, ni halali?

JIBU: Huenda ni halali, na hapa ndipo sheria nyingi za aina hii huvuja. Hata huko Texas, bunge la jimbo lililinda miradi iliyokwisha kuwasilisha maombi kabla ya kanuni mpya, na ujenzi mwingi ukapita katika mwanya huo. Hata hivyo neno la mwendelezaji halitoshi. Ombeni kwa maandishi kuona tarehe ya maombi, tarehe ya kibali kwisha muda wake, na ramani iliyoidhinishwa, kwa sababu mradi ulioombwa kama nyumba za kuishi ukageuzwa kuwa ghala na maegesho mara nyingi huhesabika kuwa mradi mpya, na mradi mpya hufuata sheria mpya.

SWALI: Mita za hifadhi kando ya mto, yaani ukanda usioruhusiwa kujengwa, hupimwa kuanzia wapi?

JIBU: Someni maneno ya sheria yenu. Ikisema "kutoka kwenye maji", mpimaji akija wakati wa kiangazi ataweka alama mahali ambapo masika patakuwa chini ya maji. Kipimo kinachofaa huanzia alama ya juu kabisa ya mafuriko yaliyowahi kurekodiwa, nayo ionyeshwe kwenye ramani ya baraza kabla ya kibali chochote kutolewa.